Siku moja maishani mwangu: mhariri wa video za madansa, Dar es Salaam

Saa 1:30 asubuhi

Asubuhi ni ya kuhamisha faili. Klipu za mazoezi ya jana ziko kwenye simu mbili na kamera moja, na zote zinaingia kwenye diski mbili tofauti kabla hakijafutwa kitu. Jina la kila faili hufuata mpangilio uleule: tarehe, wimbo, kasi, kifaa, teki (rekodi ya mara ya ngapi). Mfano: 0614_piano112_B_T07. Hiyo 112 ni mapigo kwa dakika, na ndiyo namba nitakayoihitaji kutwa nzima.

Klipu za simu hazifai kuingizwa moja kwa moja. Simu nyingi hurekodi kwa fremu (picha moja moja zinazounda video) zisizo na idadi thabiti kwa sekunde: mwanga ukipungua, 30 zinashuka hadi 27 au 24, kisha zinapanda tena. Ukiziweka hivyo, dakika ya kwanza mguu unakanyaga kwenye biti, dakika ya tatu mguu umeachwa nyuma. Dawa yake ni HandBrake, programu ya bure. Fungua kipengele cha video, chagua fremu thabiti, andika 30 au 60 kulingana na ulivyopiga, kisha uzipange zote kwenye foleni. Zikimaliza, kagua makofi mawili tunayopiga wakati wa kurekodi, la mwanzo wa klipu na la mwisho: picha na sauti ya kofi vikutane. Likilingana la mwanzo na la mwisho lisilingane, ubadilishaji haukushika.

Saa 3 asubuhi

Sasa ni kulinganisha wimbo safi na sauti ya kamera. Tazama mawimbi ya sauti, weka kilele cha kofi juu ya kilele cha kofi, kisha nyamazisha sauti ya kamera. Kuna mitego miwili hapa. Kwanza, sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kila mita 11 kati ya spika na kamera zinakula fremu moja ukirekodi kwa 30. Shoo ya uwanjani iliyopigwa kutoka mita 35 inabeba sauti iliyochelewa fremu tatu, na mawimbi yatakudanganya kwamba yamelingana. Rudisha wimbo nyuma fremu hizo tatu. Pili, usihariri kwa earphone za bluetooth. Zinachelewesha sauti, nawe utasogeza wimbo kufidia kosa ambalo halimo kwenye faili. Za waya za bei ya chini zinatosha.

Saa 4 asubuhi hadi saa 7 mchana

Hapa ndipo siku inapokwenda, na ndipo wahariri wengi wa madansa wanapokosea kwa kuruka. Hakuna kukata kabla ya kuweka alama za hesabu kwenye mstari wa muda. Dansa hasemi "pale kwenye sekunde ya 43". Anasema "nane ya tano, hesabu ya sita", maana madansa huhesabu wimbo kwa mafungu ya mapigo manane. Kama mstari wako wa muda haujui nane ya tano iko wapi, mtabishana kwenye WhatsApp mpaka usiku.

Hesabu ni hii. Kwa kasi ya 112, pigo moja ni sekunde 0.536, na nane nzima ni sekunde 4.286. Kwa fremu 30, nane moja ni fremu 128.57. Ukibandika alama kila baada ya fremu 128 unapoteza zaidi ya nusu fremu kila mara, na baada ya nane kumi na sita umeachwa fremu tisa, zaidi ya nusu ya pigo. Kwa hiyo kila alama huhesabiwa kutoka pigo la kwanza la wimbo, halafu ndipo unakadiria fremu iliyo karibu. Jedwali la Excel linamaliza kazi hiyo kwa dakika mbili.

Singeli ina shida yake. Kwa mapigo 240, pigo moja ni robo sekunde, yaani fremu saba na nusu ukirekodi kwa 30. Nusu fremu haipo, basi alama moja inakaa sawa na inayofuata inakosea kwa nusu fremu, na video nzima inaonekana inatetemeka. Rekodi singeli kwa 60: pigo linakaa kwenye fremu 15 kamili, na miguu haigeuki ukungu.

Kitufe cha kutafuta biti kiotomatiki, kama kile cha programu ya CapCut, ni msaada kwenye wimbo wenye ngoma nzito inayopiga sawasawa. Kwenye amapiano hukoseakosea, maana besi yake hupenda kudunda pembeni ya hesabu, nayo programu inaifuata besi. Kwenye ngoma za asili, kama lizombe ya Wangoni au sindimba ya Wamakonde, nakizima kabisa. Wapigaji wanaongeza kasi kadiri wachezaji wanavyopamba moto, na mapigo yanayogawanyika matatu matatu yanasomwa kana kwamba ni mawili mawili. Hapo ni kidole: cheza klipu, gonga M (kitufe cha kuweka alama) kwenye programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve kila pigo kubwa, kisha rudia kwa mwendo wa nusu kurekebisha.

Baada ya hesabu ndipo zinakuja lebo. Kwa kazi kubwa, kama kuhifadhi ngoma nzima ya kikundi, natumia ELAN, programu ya bure ya taasisi ya Max Planck huko Nijmegen, Uholanzi. Ilitengenezwa kwa ajili ya watafiti wa lugha lakini inakaa vizuri mno kwa dansi, kwa sababu inaruhusu safu kadhaa chini ya video moja. Safu zangu ni nne: hesabu, stepu, fomesheni (mpangilio wa wachezaji), kasoro. Orodha ya majina ya stepu hufungwa mapema. Ukiiacha wazi, mmoja ataandika "geuka", mwingine "kugeuka", wa tatu "mzunguko", na ukitafuta baadaye utapata theluthi. Kushoto na kulia ni kwa mwili wa dansa, kamwe si kwa jicho la mtazamaji. Na kama klipu imepinduliwa kama kioo kwa ajili ya kufundishia, andika "kioo" kwenye lebo. Maandishi ya fulana yatakuonyesha kama simu imepindua bila kukuuliza.

Saa 8 mchana

Nakala nyepesi zinapanda mtandaoni ili koreografa, mbunifu wa stepu, azione. Dakika moja ya 4K kwa fremu 60 kwenye iPhone ni takriban MB 400. Nakala ya Mbps 2 ni MB 15. Bando linapumua. Ukitumia Frame.io, huduma ya mtandaoni ya kukagua video, maoni yanakaa juu ya fremu yenyewe. Kama kikundi hakina fedha, video ya YouTube iliyofichwa kwenye orodha na jedwali la pamoja vinatosha, ila kiungo cha YouTube kinaruka kwa sekunde nzima tu. Kwa kasi ya 112, sekunde ni karibu mapigo mawili, basi elekeza kiungo mwanzo wa nane. Sura za YouTube (vipande vya video vyenye majina) nazo zina masharti: ya kwanza ianze 0:00, ziwe angalau tatu, kila moja isipungue sekunde 10. Nane moja haitoshi. Fungasha nne nne, upate sekunde 17.

Saa 10 jioni

Mazoezi. Simu kwenye stendi kwa urefu wa kiuno, mita nne au tano nyuma, lenzi ya kawaida (ile pana inawavuta walio pembeni), kipimo cha mwanga kimefungwa kwenye simu kisibadilike. Umeme wetu ni wa hezi 50, basi shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) iwe sekunde 1/50 au 1/100, la sivyo taa zitacheza kuliko madansa. Piga kofi moja mwanzo na moja mwisho.

Saa 1 usiku

Mkasi sasa, na kwa sababu alama zipo, unakwenda haraka. Nakata fremu moja au mbili kabla ya pigo, kwani jicho linahitaji nafasi ya kupokea picha mpya. Simpi mtazamaji picha fupi kuliko hesabu nne, hata mteja akitaka mikato ya kasi: ukikata kila pigo, unaonyesha uhariri na unaficha dansi. Kugeuza picha ya mlalo kuwa ya wima kunabakiza chini ya theluthi ya upana, na madansa watano kwenye mstari hawatoshei. Ukikata kutoka picha ya 1080p unabaki na pikseli 607 za kunyoosha. Ukikata kutoka 4K una 1215, na picha inabaki safi. Acha kama moja ya tano ya chini bila miguu, maana maelezo ya TikTok yanakaa hapo.

Saa 3 usiku

Faili ya mwisho hutumwa WhatsApp kama dokumenti. Ikitumwa kama video inabanwa na miguu inakuwa maji. Kwenye maelezo, jina la wimbo, kasi, na "dc" (dance credit, yaani kumtaja mbunifu) ya aliyebuni stepu, hata kama kikundi kimebadilisha miondoko ya mikono. Kadi hazifutwi mpaka nakala zote mbili zifunguke na zicheze hadi mwisho. HandBrake inapokea klipu za jioni, na foleni inakwenda yenyewe usiku.