Namba ya Fermat ndani ya treni ya Kigoma

Mwaka niliomaliza kidato cha nne nilipanda treni Tabora, naenda Kigoma kwa mama mkubwa. Daraja la tatu, tumebanana, madumu ya asali yamejaa chini ya viti. Mbele yangu alikaa mzee mmoja, mwalimu mstaafu, mtu wa Kasulu. Aliniuliza shuleni nilipenda somo gani. Nikamjibu hesabu. Hakunisifu, alichana mfuko wa kaki wa maandazi, akaandika 4294967297, akanipa kalamu.

"Haya, hiyo ni namba tasa?"

Nikaanza na zile njia za mkato. Inaishia na 7, kwa hiyo 2 na 5 hazimo. Jumla ya tarakimu zake ni 59, 3 haimo. Nikamuuliza nitagawanya hadi wapi. Akasema hadi kwenye kipeuo chake cha pili, karibu 65536, na chini ya hapo zipo namba tasa 6542. Nikaiweka kalamu chini.

Mzee akacheka, ndipo akaniambia inakotoka. Ni 2 kwa kipeo cha 32, jumlisha 1. Fermat, mwanasheria wa Ufaransa, aliitaja mwaka 1640. Aliona 3, 5, 17, 257 na 65537 zote zimejengwa kwa mtindo huo na zote ni tasa, akaamini na hii ni tasa. Miaka tisini na zaidi ikapita. Mwaka 1732 Euler, mwanahisabati wa Uswisi, akaivunja.

"Kwa kugawanya namba zote hizo?"

"Ana wazimu? Kigawo chochote tasa cha namba hii, ukikigawanya kwa 64, lazima baki iwe 1. Hilo Euler mwenyewe alilithibitisha. Sasa zitafute."

Hapo usingizi ukanitoka. 65 si tasa, 129 si tasa, 193 ni tasa. Nikaendelea hivyo hadi nikapata 193, 257, 449, 577, 641. Kugawanya kwa mkono ndani ya behewa linaloyumba si kazi ya kumtakia mtu. 193 ikabakiza 109. 257 ikabakiza 2, mzee akatabasamu peke yake. 449 ikabakiza 325, na 577 ikabakiza 288. Nilipofika 641 kaki ilikuwa imeisha, nikamalizia pembeni mwa tiketi: 6700417, baki sifuri. Nikapiga kelele, abiria wakadhani nimeibiwa.

Mama mwenye madumu ya asali alikuwa akitufuatilia muda wote.

"Mwalimu, na hiyo iliyopatikana, nayo haigawanyiki?"

Mimi wala sikuwa nimeliwaza hilo. Mzee akamgeukia kwa heshima kabisa. "Hiyo ni tasa, mama. Lakini kijana asinisadiki bure. Zilizo chini ya 641 keshazitoa, maana kinachogawanya hii kingegawanya na ile kubwa. Arudie 641 yenyewe, kisha aende na mtindo uleule hadi 2588."

"Basi afanye," akasema yule mama, akanisogezea daftari lake la mauzo ya asali. "Ukurasa wa nyuma, mwanangu, mbele kuna madeni ya watu."

Tulipofika Uvinza, watu wakigombea chumvi madirishani, mimi nilikuwa kwenye 1217.