Bunduki ya risasi moja iliyogoma kufunguka

Hajati, jirani yetu hapa Bombo, Uganda, ana bunduki iliyotoka kwa babu wa marehemu mumewe. Vijana wa mtaani huiita gobori, lakini si gobori. Gobori hushindiliwa kupitia mdomoni. Hii hufunguliwa nyuma ya mtutu, ikatiwa risasi moja, ikafungwa. Kwenye chuma kilicho nyuma ya nyundo nilisoma kwa shida jina la mtengenezaji, Remington, na mji wa Ilion, New York. Misri ilinunua nyingi za aina hii kwa jeshi lake, na askari wa Emin Pasha, gavana wa Misri kusini mwa Sudan, walikuwa nazo kule Wadelai, kambi yake kando ya Nile. Mwaka 1891 Lugard, afisa wa Kiingereza, aliwachukua askari waliobaki baada ya Emin kuondoka akawaleta kusini. Sisi Wanubi wa Bombo ni wajukuu wao.

"Mwanangu, marehemu alikuwa akiifungua kila Idi anaipaka mafuta," Hajati aliniambia. "Sasa haifunguki."

Tulianzia polisi. Karatasi zake alikuwa nazo, nami nikaandikiwa ruhusa. Bila hiyo nisingeigusa.

Kilichonitia hofu ni risasi. Kama haifunguki, utajuaje kwamba ndani ni tupu? Nilichukua ufito wa mbao, nikauingiza mdomoni taratibu mpaka ukagota, nikautia alama, kisha nikaulaza juu ya mtutu kwa nje. Ncha ilifika pale pale mtutu unapokutana na kizibo, yaani chuma kinachouziba kwa nyuma. Ilikuwa tupu. Hapo ndipo nilipovuta pumzi.

Bunduki hii ina vipande viwili vinavyozunguka, nyundo na kizibo, kila kimoja kwenye pini yake. Nyundo ikilala mbele, sehemu yake nene iliyo kwenye pini huingia chini ya kizibo na kukikaza, ili moto usimrudie mpigaji. Kwa hiyo kizibo hakifunguki kamwe mpaka nyundo ivutwe nyuma kabisa. Waliojaribu kabla yangu walihangaika na kizibo tu. Mmoja alikigonga kwa jiwe, na alama yake iliniuma kuiona. Mimi nilivuta nyundo. Ilikuja nusu, ikagota. Basi ugonjwa ulikuwa huko.

Nilinoa bisibisi kwa tupa hadi ikajaa barabara kwenye mfereji wa skrubu, maana skrubu ya zamani ukiichubua kichwa umeiua. Nikatoa kitako, kisha bamba la chini lenye kifyatulio na springi. Springi zote zilikuwa nzima, alhamdulillahi. Lakini nyuma ya nyundo palijaa kitu cheusi, kigumu kama lami: mafuta ya Idi zote hizo, yamekauka na vumbi, na pini ya nyundo imeshikwa na kutu.

Nililoweka kwenye mafuta ya taa siku nne. Siku ya tano pini ikatoka kwa kugongwa kidogo na kipande cha shaba. Ule uchafu niliukwangua kwa kijiti cha mwanzi, si kwa chuma, na msasa sikuuleta karibu. Rangi ile ya kahawia ya chuma ni umri wake. Kutu niliifuta kwa pamba ya chuma laini na mafuta mepesi. Nikaiunganisha tena bunduki. Pini ya kugongea risasi sikuirudisha. Nilimkabidhi Hajati kwenye kitambaa, kwani bunduki ya umri huu si ya kupigwa.

Hajati alivuta nyundo mwenyewe, akafungua kizibo kwa kidole gumba. Akafunga, akafungua tena. Kisha akauliza mafuta mepesi yale yanauzwa wapi.