Gharama ya Mtoto wa Mbwa Huanza Kabla Hajazaliwa

Jirani yangu hapa Moshi alinikuta nikiwalisha watoto saba wa mbwa wangu jike, aina ya German Shepherd, akapiga hesabu papo hapo: saba mara laki nne, milioni mbili na laki nane. "Dada, hii inalipa kuliko kahawa," akaniambia. Sikumlaumu, kwa kuwa hata mimi nilipoanza niliuona upande huo tu wa hesabu. Nilimkaribisha kibarazani nikamfungulia daftari langu la matumizi, na mengi ninayoyaandika hapa ndiyo niliyomweleza siku ile.

Aina hii ya mbwa hurithi ugonjwa wa nyonga, ambapo kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa katika tundu lake, na mbwa mkubwa huishia kujikokota miguu ya nyuma. Akiwa kijana anaweza kukimbia vizuri tu, kwa hiyo njia ya uhakika ni kumpiga picha ya eksirei akiwa amelazwa kwa dawa. Nilisubiri mbwa wangu atimize miaka miwili, nikampeleka Arusha kwa kipimo hicho. Mwenye dume wa kwanza niliyemtaka alikataa kumpima mbwa wake akisema anamwona mzima, nami nikaacha. Jike huingia kwenye joto, yaani huwa tayari kupandwa, takriban mara mbili kwa mwaka, hivyo uamuzi ule ulinigharimu miezi sita ya chakula na dawa ya kupe bila kuingiza hata senti, na ningeurudia leo.

Mimba ya mbwa huchukua siku 63 hivi. Uchungu ulimshika usiku wa Julai, wakati baridi ya mlimani inapoingia hadi chini ya blanketi. Watoto wanne walitoka vizuri, kisha akaendelea kusukuma kwa nguvu zaidi ya nusu saa bila kitu kutoka, akinitazama huku ulimi ukining'inia. Daktari wa mifugo alifika saa nane usiku, akaamua kupasua. Mtoto wa tano alikuwa amekaa kiubavu na tayari amekufa. Watatu waliokuwa nyuma yake walitolewa wakiwa hai. Usiku ule peke yake ulimeza bei ya watoto wawili.

Mtoto wa mbwa huzaliwa akiwa kipofu na kiziwi, na katika majuma ya kwanza hawezi kuutunza mwili wake joto. Niliwawashia balbu ya vifaranga, na umeme ulipokatika nilijaza maji moto kwenye chupa na kuzizungushia khanga kuukuu. Kila mmoja nilimfunga uzi wa rangi yake shingoni, nikawapima asubuhi na jioni kwa mizani ya jikoni. Yule wa uzi mweupe alisimama kwenye gramu 380 kwa siku mbili wakati wenzake wanapanda, nikawa naamka kila baada ya saa mbili kumnywesha maziwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Nilichukua likizo isiyo na malipo kazini, na kwa kweli sijui niiandike kwenye safu gani ya daftari.

Dawa ya minyoo hutolewa katika juma la pili, la nne, la sita na la nane, yaani dozi 28 kwa watoto saba, kisha chanjo ya kwanza kabla hawajaondoka. Kuanzia hapo mzigo ni wa mnunuzi: chanjo hizo hurudiwa kila baada ya majuma matatu au manne hadi mtoto afikishe majuma 16, na ya kichaa cha mbwa huanza akiwa na miezi mitatu. Hii ya mwisho ni ya bei nafuu, na maeneo mengi huitoa kwa kampeni karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, lakini ndiyo watu wanayoipuuza zaidi, ilhali dalili za ugonjwa huo zikishajitokeza kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Kisha kuna chakula cha kila siku kwa miaka kumi au zaidi.

Kila anayechukua mtoto kwangu hukubaliana nami kwa maandishi kwamba akishindwa kumtunza atamrudisha, asimwache barabarani. Baadaye, yule wa uzi mweupe alirudishwa akiwa na miezi saba, mbavu zikihesabika, mnyororo umemchubua shingo hadi nyama nyekundu. Nilimrudishia mnunuzi fedha yake yote. Sasa anakula dona na dagaa mara mbili kwa siku, na nikishika mnyororo wa geti tu, hukimbilia chini ya meza.