Nilivyoitambua Land Rover ya Likoni kabla sijatoa pesa

Wale wanaosema Land Rover za zamani hazili kutu kwa sababu bodi ni alumini wanapoteza watu, na nimekasirika nao maana kidogo tu niliwe laki kadhaa. Bodi ni alumini, sawa, lakini chasi ni chuma, na ule ukuta kati ya injini na viti pia ni chuma, na kwetu Mombasa hewa ya chumvi haina huruma, tena pale alumini inapogusana na chuma ndo kunaoza mbio.

Gari nilioneshwa Likoni, iko chini ya mwarobaini miaka na miaka, kuku wanatagia ndani. Nikamwamkia mzee mwenyewe, akaniambia mwanangu hii ni Series 2A (toleo la kabla ya Series 3), sio hizi za juzi, akataka laki sita. Logbuku ilikua fotokopi iliyofifia, dashibodi ilishang'olewa ikawekwa plaiwudi, na marafiki zangu wote wakaangalia ile grili ya waya mbele wakasema 2A hiyo, lipa. Grili inabadilishwa kwa bisibisi jamani! Mie nilitaka namba ya chasi.

Fundi mmoja akanambia iko mbele kushoto. Nikalala chini nikasugua kushoto toka asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri, msasa umeisha, mikono imechubuka, hamna kitu. Iko KULIA, mbele kabisa pale springi inaposhikia chasi. Wiki iliyofuata nikarudi na mafuta taa, nikalowesha tambara nikalifunga pale saa nzima, nikapitisha brashi ya waya taratibu (grenda usithubutu, itakula namba), nikafuta, nikasugua chaki nyeupe juu, alafu nikamulika tochi ya simu kwa ubavu sio moja kwa moja. Namba zikaanza kutokea moja moja, 9, kisha 0... Za 2A ya chasi fupi ya petroli huanza na 24. Hii ya 90 ni Series 3, ambazo zilianza 1971. Nikalipia serchi ya NTSA, ile mamlaka ya Kenya yenye rekodi za magari, namba ikaoana na jina la mzee likatoka, roho ikatulia.

Sumaku nayo ni muhimu, nilitoa ya spika mbovu nikaifunga kitambaa nikaiburuta chasi nzima. Ilikua inang'ang'ania vizuri mpaka kufika ile boriti ya nyuma, ikadondoka. Nikadunga bisibisi ikazama kama kwenye papai lililoiva, kuvuta yatoka fila (ile dawa ya kuzibia mashimo ya bodi) na magazeti yaliyokunjwa! Mzee mwenyewe alishtuka, wallahi hakua anajua, aliuziwa hivo hivo.

Injini, ile ya lita 2.25, niliizungusha kwa hendeli ikazunguka, kwa hivo haijakamata, hapo nikampa mzee haki yake. Bei nilianza na ya gari iliyokamilika inayotembea, nikapunguza gharama za welda wa chasi na ule ukuta, breki, waya, tairi, nikamhesabia mbele yake bila kumdharau. Tukashikana mikono kwa laki mbili na kitu hivi, na kenta ya kuibeba kuvuka feri juu yangu.

Sai iko uani kwangu Kisauni, bodi imevuliwa, na zile namba nimezipaka grisi zisifunikwe tena.