Kumbe farasi ndiye aliyekuwa analiza mashine!

Jumamosi nzima nilikuwa juu ya farasi huko milimani Nevada, Marekani, na leo hata kukaa kwenye kiti ni kazi. Mimi mtoto wa Chunya, kwenye machimbo ya dhahabu Tanzania; detekta za dhahabu, zile mashine zinazolia zikipita juu ya metali, nimezikuta nyumbani, ila kwetu porini tunaingia kwa bodaboda. Mzee mwenyeji wangu akasema huko pikipiki haifiki, tandika.

Mwendo wa saa tatu, detekta imefungwa nyuma ya tandiko pamoja na maji. Kufika korongoni nikavaa hedifoni, hatamu mkono wa kushoto, mashine wa kulia. Ikalia! Nikachimba, hamna kitu. Nikasogea hatua mbili, ikalia tena. Mzee akacheka mpaka kofia ikamdondoka: nilikuwa nasikiliza viatu vya chuma vya farasi wangu. Jamani!

Nikamfunga mbali. Nikapata maganda ya risasi, kopo lililoliwa na kutu, na msumari wa pembe nne, mweusi, kichwa kimepinda, wa aina ya zamani kama ile waliyotumia wachimba madini ya fedha waliofurika Nevada kuanzia 1859. Nikaupiga picha, nikaufukia palepale. Sheria ya Marekani ya 1979 inalinda mabaki ya kale yaliyofikisha miaka 100 kwenye ardhi ya serikali kuu, na mzee hana mzaha na hilo.

Dhahabu? Hata chembe. Na wakati nafungasha mizigo, farasi akala tufaha langu la mwisho.