Oktoba, mwezi walionikataza kwenda Costa Rica

Rosta ya wodi ilipotoka, likizo yangu iliangukia Oktoba: siku kumi, na hakuna wa kubadilishana naye. Mama alikuwa amekuja kutoka Tanga kututembelea hapa Houston, na nilikuwa nimemwahidi safari moja ya kweli kabla hajarudi. Moyo wangu ulikuwa Costa Rica, nchi ya Amerika ya Kati. Ndege inakwenda moja kwa moja kwa muda wa saa nne hivi, na nchi yenyewe ni ndogo, kilomita za mraba zipatazo 51,000, lakini ina bahari mbili, Pasifiki na Karibiani.

Kila niliyemuuliza alinijibu vilevile: Oktoba usiende, utalala hotelini ukitazama mvua. Hawakuwa wanasema uongo. Mvua huanza Mei na kuendelea hadi Novemba, na San José, mji mkuu, pamoja na pwani yote ya Pasifiki hulowa zaidi Septemba na Oktoba. Nilikaribia kuahirisha.

Nilipomweleza Mama, aliniuliza, "Mwanangu, umesema bahari mbili. Upepo wa mwezi huo unatoka ipi?" Kwetu Pwani mtu haulizi mwezi kwanza; anauliza kama ni kusi au kaskazi. Nikaacha majedwali ya mvua ya nchi nzima, nikatafuta ya mji mmoja mmoja, na mambo yakageuka. Safu ya milima inaikata nchi katikati. Sehemu kubwa ya mwaka upepo wa kaskazini-mashariki hutoka Karibiani na kumwaga mvua upande wa Limón, mji wa pwani hiyo. Septemba na Oktoba upepo huo hulegea, unyevu wa Pasifiki ukapanda milima kutoka upande wa pili, na pwani ya Karibiani ikapata jua lake. Miezi ambayo wengine wanaikimbia ndiyo mizuri kule.

Basi nikafuta nusu ya mpango. Manuel Antonio, iliyo pwani ya Pasifiki, nje; Monteverde, iliyo milimani, nje. Volkano ya Arenal iliniuma kuiacha, lakini kwa mawingu ya Oktoba tungeweza kukaa siku mbili chini yake tusiione. Nikabaki na pwani ya Karibiani: usiku mbili Tortuguero, usiku tano Cahuita, na usiku mmoja San José mwanzoni na mwingine mwishoni. Nilijilaumu kidogo kwa kuacha mengi. Sasa naona tungezurura barabarani tu.

Viza niliishughulikia kabla ya kulipa chochote. Mama ana pasipoti ya Tanzania, kwa hiyo niliwaandikia ubalozi wa Costa Rica; wakajibu kwamba viza yake ya Marekani ya kuingia mara nyingi ingetosha, pamoja na tiketi ya kutoka. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano alikibeba pia.

Gari ndilo lililonipotezea fedha kidogo. Bei niliyoiona mtandaoni ilikuwa ya kuvutia, lakini haikuwa na bima ya lazima ya nchi ile, na kwa bima hiyo gharama ilizidi mara mbili. Nikalisamehe na malipo ya awali, tukapanda basi dogo la watalii. Barabara namba 32 inayoshuka Limón hupita msitu wa Braulio Carrillo, na udongo ukiporomoka hufungwa. Nawasihi mpite asubuhi, na msipange kupanda ndege siku hiyohiyo.

Tortuguero hakuna barabara; ni boti tu au ndege ndogo. Kasa wa kijani hutaga pale kuanzia Julai hadi Oktoba, kwa hiyo tulikuwa mkiani mwa msimu, na nilimwonya Mama kwamba huenda tusione kitu. Usiku mtu haruhusiwi ufukweni bila mwongozaji mwenye leseni. Simu na kamera huachwa. Tulikaa kimya gizani muda mrefu. Kisha akaja mmoja, akachimba, akataga. Mama alinishika mkono na kunong'ona, "Kasa huyu ni yule yule wa kwetu."

Cahuita niliipenda kuliko nilivyotarajia. Hifadhi ina mlango wa upande wa mjini ambapo unatoa mchango unaouweza, msitu unagusa mchanga, na nyani wanapita juu ya kichwa. Kati ya siku tano, mvua ilitunyeshea alasiri moja.

Wenyeji wengi wa pale ni wajukuu wa Wajamaika walioletwa kuanzia miaka ya 1870 kujenga reli ya Limón, na mapishi yao si ya San José. Wali wao wa maharage hupikwa kwa tui la nazi, na pilipili nzima huwekwa juu bila kupasuliwa. Mama alipoonja aliweka kijiko chini, akaniambia nimwombee ruhusa ya kuingia jikoni. Mpishi alikuwa mama wa umri wake. Kiingereza cha Mama ni kidogo, ila aliinama, akafanya kama amekalia mbuzi anakuna nazi. Yule mama akacheka, akafungua kabati, akamletea kikunio chake cha bati na nusu ya nazi.