Jipu la jino lisilouma: nilivyoliwahi kabla halijavimba

Jino likiuma, mtu atatafuta dawa hata usiku wa manane. Likinyamaza, anamshukuru Mungu na kurudi kwenye shughuli zake. Naandika kwa ajili ya huyo wa pili, mwenye jino lililonyamaza lakini lina usaha chini yake.

Nauza mitumba Busia, upande wa Uganda. Jego langu la chini kulia lilitoboka zamani, likazibwa, na baadaye likaanza kuniuma sana, hasa nikinywa chai ya moto. Kisha maumivu yakakatika yenyewe. Miezi ikapita, mpaka siku moja nikipiga mswaki ulimi ukagusa kitu. Nikamulika kwa tochi ya simu mbele ya kioo: kipele chekundu kwenye ufizi, ukubwa wa punje ya mtama, na nukta ya manjano katikati. Nikikibonyeza kinatoa majimaji mazito yenye ladha ya chumvi iliyooza. Hakiumi hata kidogo. Kinanywea, siku chache kinajaa tena.

Jirani yangu wa kibanda aliniambia, "Dada, kisichouma si ugonjwa, kiache." Mama mwingine akanishauri nijifukize moshi wa mbegu za ndulele ili wadudu wa jino watoke. Walinitakia mema wote wawili, lakini nilikuwa nimeshamuuguza shemeji yangu, utingo wa malori. Naye alikuwa na kipele kama hicho, akakaa nacho akizunguka njiani. Usiku mmoja shavu likavimba, uvimbe ukashuka chini ya taya, akawa hawezi kufungua kinywa wala kumeza mate yake. Alilazwa, akapasuliwa chini ya kidevu ili usaha utoke, na dawa akawa anawekewa kwenye mshipa. Alipona, namshukuru Mungu, ila mimi niliyekaa kando ya kitanda nikimsikia akihangaika kupumua sikuweza kukidharau kipele changu.

Kwenye duka la dawa muuzaji alikuwa tayari kunifungia antibiyotiki za amoksilini na metronidazo bila hata kutazama kinywani. Nikakataa, nikaenda kituo cha afya daraja la nne, ambako kuna afisa wa meno. Aliyagonga meno yangu moja moja kwa mpini wa kioo chake kidogo, kisha akayagusa kwa pamba yenye baridi kali. Meno ya jirani yalishtuka. Lile jego halikuhisi kitu.

"Mama, hili limekufa ndani," akasema. Akanieleza kwamba maumivu yaliisha kwa sababu mshipa wa fahamu ulio ndani ya jino ulioza, wala jino halikupona. Bakteria wameteremka hadi ncha ya mzizi na kuanza kula mfupa. Usaha umejichimbia njia hadi kwenye ufizi, na kwa kuwa unapata pa kutokea, haujibani, kwa hiyo hauumi. Njia hiyo ikiziba, au mwili ukidhoofika, ndipo uvimbe huja kwa ghafla. Nilipomuuliza kuhusu vidonge, alijibu kwamba dawa husafiri na damu, na ndani ya jino lililokufa damu haipiti. Vidonge hutolewa pale penye homa au uvimbe unaosambaa, na hata hapo havichukui nafasi ya kuondoa chanzo. Pale kituoni wangeweza kuling'oa. Nikitaka kulibakiza, niende Mbale kwenye eksirei na daktari anayetibu mizizi.

Kule Mbale, daktari aliuliza kwanza kuhusu sukari, presha, mimba na dawa zinazonidhuru. Halafu akafanya jambo lililonishangaza. Alichukua kijiti chembamba cha mpira wa rangi ya waridi, wa gutapercha, unaotokana na utomvu wa miti ya huko Malaysia, akakisukuma taratibu kwenye tundu la kipele. Sikusikia maumivu. Akapiga picha kikiwa humo ndani. Kwenye picha kijiti kilionekana kama mstari mweupe uliopinda hadi kwenye ncha ya mzizi wa jego langu, penye kivuli cheusi mahali ambapo mfupa umeliwa. Kipele chenyewe kilikuwa karibu zaidi na jino la nyuma yake. Ambaye angekisia kwa macho angeweza kung'oa jino lenye afya na kuliacha lile bovu. Kwa hiyo nawasihi: kabla hujakubali kung'olewa jino kwa sababu ya kipele, omba picha.

Kung'oa kungekuwa rahisi zaidi mfukoni, na kama jino limevunjika hadi chini ya ufizi, mara nyingi ndiyo njia iliyobaki. Langu lilikuwa bado na kuta nzima. Pengo la jego nalo lina hasara zake, maana meno ya pembeni huegama na lile la juu hushuka kutafuta mwenzake. Nikachagua kutibu mzizi na kulipa kwa awamu, kila siku ya soko naweka kitu.

Alinichoma sindano ya ganzi, akalitandikia jino shuka dogo la mpira ili mate yasiingie, akalitoboa kwa juu. Lilikuwa na mizizi miwili yenye mifereji mitatu. Aliisugua kwa visindano vyembamba huku akiisuuza kwa dawa ya klorini, ileile jamii ya dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Akajaza dawa nyeupe ya kalisi na kuziba kwa muda. Kabla sijarudi kwake kipele kilikuwa kimekauka na ufizi umefunga, bila kidonge hata kimoja cha antibiyotiki. Hapo ndipo mifereji ilijazwa gutapercha kwa kudumu.

Ukiwa bado unasubiri kuonana na daktari, endelea kupiga mswaki na kusukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi. Usitoboe kipele kwa sindano, na usiweke aspirini kwenye ufizi, inaunguza nyama. Lakini ukiona homa, uvimbe unaoshuka shingoni au kupanda jichoni, kinywa kukaza, shida ya kumeza au kupumua, usisubiri teksi ya asubuhi. Hiyo ni dharura, nenda hospitali saa hiyohiyo. Mwenye kisukari asichelewe hata kidogo. Mjamzito pia anatibiwa, amwambie tu daktari hali yake.

Picha iliyopigwa miezi kadhaa baadaye ilionyesha kivuli kimepungua, mfupa unajijenga. Daktari anataka nyingine ukitimia mwaka. Jino lililotibiwa mzizi hupasuka kwa urahisi, hivyo linahitaji kofia ya kulifunika, na ya kwangu nimeshalipia nusu. Mpaka itakapowekwa, muwa na mahindi ya kuchoma natafunia kushoto.